Ukaa wa Ujenzi: Istilahi Moja katika Hesabu ya Jengo la Zege

Wahandisi na wasanifu wa majengo wa zama hizi wana tamko walilolipokea kutoka kwa Waingereza ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, huwa ni ukaa uliotiwa mwilini. Na mfasiri mwenye haraka, akitaka kulimaliza na kwenda zake, huandika kaboni iliyofumbatwa, au kaboni iliyomo, akaridhika. Msomaji asiye na elimu ya kemia akikutana na maneno hayo hana budi kudhani kwamba ndani ya nguzo na boriti za zege imefungiwa hewa yenye madhara, na kwamba siku ukuta utakapopasuka hewa hiyo itatoka na kuwadhuru wenyeji wa nyumba. Dhana hiyo ni ya kosa, lakini kosa si la msomaji.

Hakika ya mambo ni kinyume chake. Saruji ya leo, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds alipewa hataza ya asili yake mwaka 1824, hutengenezwa kwa mawe ya chokaa na udongo, vikasagwa na kupitishwa katika tanuri refu lizungukalo polepole, mpaka joto lifikie kadiri ya nyuzi 1,450 za Selsiasi na kutokee madonge magumu yaitwayo klinka, ambayo husagwa tena pamoja na jasi kidogo yakawa ule unga wa kijivu tuununuao kwa mifuko. Lakini kabla ya joto kufika huko, jiwe la chokaa limekwisha kuvunjika katika dhati yake: kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 tu za chokaa, na kilo 44 hupaa angani zikiwa hewa ya ukaa. Hasara hii haitokani na makaa wala mafuta wala kuni. Hata tanuri likipashwa kwa nguvu ya jua, jiwe halitakuwa chokaa pasipo kuiachia hewa hiyo. Ndiyo sababu zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa itokayo katika kazi ya klinka ni ya jiwe lenyewe, na iliyosalia ni ya moto; na ndiyo sababu kazi ya saruji peke yake hukadiriwa kutoa asilimia 7 au 8 ya hewa yote ya ukaa itokanayo na shughuli za wanadamu. Mfuko mmoja wa kilo 50, ikiwa karibu unga wote ni klinka, umekwisha kuachia angani kilo zipatazo 40 kabla haujapakiwa katika lori.

Kwa hiyo ukaa tunaousema haumo. Umekwenda. Hakuna kiganja kilichoufumbata, na neno la kufumbata humpeleka msomaji ndani ya ukuta wakati habari yenyewe iko juu ya paa. Kwa sababu hiyo mimi naona jina lililo wazi zaidi ni ukaa wa ujenzi, likiwekwa mkabala na ukaa wa matumizi, yaani ule utokanao na umeme wa taa, viyoyozi, lifti na pampu katika miaka yote ambayo jengo linakaliwa. Nao uhusiano wa hesabu hizi mbili haumwii vigumu mtu aliyelelewa pwani, kwa kuwa ni kama mahari na masurufu. Masurufu hutolewa siku kwa siku, na mume mwenye busara aweza kuyapunguza au kuyaongeza kwa kadiri ya hali yake. Bali mahari ni mkataba, na katika mahari yenyewe mna iliyotangulia na iliyoakhirishwa. Jengo nalo lina ukaa uliotangulia, ambao ni wa machimbo, kiwanda, safari na kazi ya ujenzi. Na lina ukaa ulioakhirishwa, ambao utadaiwa siku za matengenezo makubwa na siku ya kubomolewa. Wahandisi wa Ulaya huzigawa daraja hizi kwa herufi za alfabeti, lakini mgawanyo wa mafakihi ulitangulia, nao wakumbukwa kwa wepesi zaidi.

Kutofautisha hivi si anasa ya wapenda lugha, kwa kuwa juu yake ndipo husimama au huanguka thamani ya vyeti vya majengo ya kijani. Mpango wa kwanza mashuhuri wa kuyapima majengo kwa mizani ya mazingira, BREEAM, ulitoka Uingereza mwaka 1990. Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani liliundwa mwaka 1993, na baada ya miaka michache likatoa mpango wake wa LEED, ambao katika matoleo yake ya karibuni humpa mjenzi alama kati ya 110: akipata 40 hupewa cheti cha kawaida, akipata 50 cha fedha, 60 cha dhahabu, na 80 cha platini. Mipango hii katika ujana wake iliangalia zaidi masurufu kuliko mahari: umeme kiasi gani, maji kiasi gani, madirisha yaelekea wapi. Jengo lenye zege nyingi kupita haja liliweza kuvishwa nishani kwa sababu taa zake ni za kisasa. Marekebisho yamekuja taratibu. Toleo la nne la LEED, la mwaka 2013, lilianza kutoa alama kwa hesabu ya uhai mzima wa jengo na kwa viwanda vinavyotoa matamko ya mazingira ya bidhaa zao, na toleo la tano, la mwaka 2025, limefanya hesabu ya ukaa wa ujenzi kuwa faradhi kwa aombaye cheti cha jengo jipya. EDGE, mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa lililo katika Kundi la Benki ya Dunia, ambao watumika pia Afrika Mashariki, una sharti jepesi kulieleza: jengo lipunguze asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya ukaa wa vifaa vyake, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali pale pale. Mwenye kuonyeshwa cheti, basi, asiulize rangi ya nishani. Aombe jedwali lililo nyuma yake, asome mstari wa vifaa.

Walakini uzito wa zege si dhambi kila mahali. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililosanifiwa na Mick Pearce na kumalizika mwaka 1996, lilitumia wingi wa zege na matofali yake kama ghala la baridi: usiku feni husukuma hewa ya nje katika sakafu na kuta, na mchana umbo hilo lililopoa hunywa joto la watu na mashine, hata viyoyozi vya kawaida havikuhitajika. Hapo mahari kubwa ilinunua masurufu madogo. Lakini Harare iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi. Mtu wa Mombasa au Tanga, ambaye usiku wake wa Februari hauna tofauti kubwa na mchana, akiuiga mfano huo pasipo kufikiri atakuwa amelipa mahari akakosa na mke.

Kwenye eneo la ujenzi ndipo istilahi hii hupata au hukosa maana. Katika jumba la ghorofa kadhaa zege nyingi huwa katika sakafu na msingi, na unene wa sakafu hutokana na umbali ulio kati ya nguzo na nguzo. Msanifu anayetaka ukumbi usio na nguzo huandika amri ya tani nyingi za saruji pasipo kulitaja neno saruji. Kisha huja fundi, ambaye ratiba yake imechelewa na zege yake ni nzito kwenye chepe, akaongeza maji ili ilainike. Maji yakizidi, nguvu hupungua. Na msimamizi, akijua tabia hiyo, huagiza mifuko zaidi tangu mwanzo kuwa kinga. Sijui ada nyingine iliyozagaa hivi katika ujenzi wetu ambayo hugharimu sana na kushukiwa kidogo. Halafu iko dharau ya saruji ya 32.5. Tarakimu hiyo ni kipimo cha nguvu baada ya siku 28, kwa nyutoni katika kila milimita ya mraba, nayo 42.5 hupendwa kwa sababu fomu na magogo huweza kuondolewa mapema. Lakini saruji nyingi za 32.5 zimechanganywa na majivu ya volkeno, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni mali tuliyojaliwa, na kila kilo ya majivu ni kilo ya klinka isiyochomwa. Saruji ya namna hiyo hukaza polepole, yataka kumwagiliwa maji siku nyingi zaidi, na kwa plasta, kwa kujengea matofali, na hata kwa misingi ya nyumba nyingi za kawaida, yatosha.

Wako wasemao kwamba zege huirudisha hewa iliyotolewa, kwa kuwa uso wake, mwaka baada ya mwaka, huvuta ukaa kutoka angani na kugeuka tena kuwa kitu cha jinsi ya jiwe la chokaa. Ni kweli, na chokaa ya matumbawe waliyojengea wazee wa Kilwa na Lamu hukaza kwa njia hiyo hiyo. Lakini wazee hawakutia nondo. Chuma ndani ya zege hulindwa na ukali wa alkali, na ukaa ukipenya mpaka kukifikia ulinzi huo huondoka na kutu huanza. Hivyo kinachopunguza deni la jengo ndicho hicho kifupishacho umri wake, na mhasibu mwaminifu huandika pande zote mbili.

Tumaini kubwa la leo liko katika saruji ya udongo uliochomwa na jiwe la chokaa lisilochomwa, iitwayo kwa kifupi LC3, ambayo Karen Scrivener wa Lausanne, Uswisi, na wenzake wameishughulikia kwa muda mrefu. Udongo wenye kaolini huchomwa kwa joto la nyuzi 700 hadi 850 tu, hauna ukaa wa kuachia kama jiwe, na klinka yaweza kupunguzwa hadi nusu, hata hewa ya ukaa ikapungua kwa asilimia zipatazo 40. Wazungumzaji wa Kiswahili hawana haja ya kustaajabu, kwani neno saruji lenyewe lilitujia kwa njia ya Uajemi na Uarabuni, na huko Omani saruji iliyotumika katika mifereji ya aflaji na katika ngome ilikuwa udongo uliochomwa, ukasagwa, ukachanganywa na chokaa. Tena malighafi zote mbili ziko kwetu. Jiwe la chokaa la Wazo, kaskazini mwa Dar es Salaam, limekuwa likichimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1960. Na kaolini ya vilima vya Pugu, upande wa kusini magharibi wa mji ule ule, inajulikana na wanajiolojia tangu zamani.