Hati ya Haki na Kesi ya Mgombea Binafsi

Katiba ya Uhuru ya Tanganyika ya mwaka 1961 haikuwa na hati ya haki za raia. Viongozi wa chama cha TANU waliikataa kwa makusudi, wakihofu kwamba mahakama, ambazo majaji wake wengi walikuwa Wazungu, zingeitumia kukwamisha mipango ya maendeleo. Tume ya mwaka 1965 iliyoandaa mfumo wa chama kimoja nayo haikuitaka. Ilipendekeza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo ilisikiliza malalamiko ya wananchi bila kuwa na nguvu ya kumlazimisha mkubwa yeyote.

Hati hiyo iliingia katika Katiba ya Muungano mwaka 1984, ibara ya 12 hadi ya 29, lakini mahakama zilizuiwa kuitumia hadi Machi 1988.

Mtihani wake mkubwa ulianzia Dodoma. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, Katiba ilimtaka kila mgombea awe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye chama chake cha DP kilikuwa hakijasajiliwa, alifungua kesi katika Mahakama Kuu mjini humo mwaka 1993, akitaka mgombea binafsi, asiye na chama, aruhusiwe. Hoja yake ilisimama juu ya ibara ya 21, inayompa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi.

Ushindi huo haukufika hata uchaguzi wa 1995. Desemba 1994 Bunge, lililochaguliwa enzi za chama kimoja, liliirekebisha ibara ileile ya 21 na kuifunga kwa sharti la chama. Haki ambayo raia aliipata mahakamani kwa jasho lake iliondolewa kwa kura za wabunge, na hilo ni doa katika historia ya Katiba.

Mtikila alirudi Mahakama Kuu akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani waliitengua hukumu hiyo, wakisema suala ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Aliyefunga mlango ndiye aliyeachiwa ufunguo.

Juni 2013 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi huo, kama wa 2020 na wa 2025, haukuwa na mgombea binafsi.