Mabaka mekundu kwa watoto wachanga: lipi la kusubiri, lipi la kuwahi hospitali?

Wadau, mtoto akiwa na baka jekundu maneno huwa mengi: mara mama alishtuka akiwa mjamzito, mara alikula kitu fulani. Si kweli, mama hana kosa. Ni mishipa midogo ya damu iliyoota au kutanuka kupita kawaida kwenye ngozi. Lakini pia usiridhike na "litaisha lenyewe". Inategemea aina.

1. HEMANJIOMA
Mara nyingi mtoto huzaliwa hana kitu au ana kidoa tu. Wiki chache baadaye kinavimba, kinakuwa chekundu, au bluu kama kiko ndani zaidi. Huwapata zaidi watoto wa kike na njiti. Hukua haraka miezi mitano ya mwanzo, kisha husinyaa taratibu kwa miaka. Nyingi hazihitaji dawa.

Wahi hospitali kama:
- iko karibu na jicho, inaweza kuharibu uwezo wa kuona
- iko mdomoni au puani
- imetanda kidevuni na shingoni, huenda kuna nyingine kwenye njia ya hewa
- ni kubwa usoni au chini ya mgongo
- imechimbika kidonda
- ziko 5 au zaidi, ini lipimwe kwa altrasaundi

Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kuwa propranololi, dawa ya siku nyingi ya presha na moyo, inaisinyaza. Inasaidia zaidi ikianzwa mapema, kwa hiyo ukisubiri hadi mwaka uishe umechelewa. Ila usimmegee mtoto kidonge cha presha cha bibi! Kinaweza kushusha sukari na mapigo ya moyo. Dozi apange daktari.

2. BAKA LA RANGI YA MVINYO
Hili ni bapa, lipo tangu kuzaliwa na haliishi. Ndilo alilokuwa nalo Mikhail Gorbachev kichwani. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliokolea. Likiwa kwenye paji la uso au kope la juu, mtoto apimwe macho na ubongo, maana linaweza kuambatana na ugonjwa wa Sturge-Weber, unaoleta kifafa na presha ya jicho. Leza hulififisha.

Madoa ya bluu matakoni sio mishipa, hayana neno.

Piga picha kila wiki, nenda nazo kliniki. Na tuache kuchanja na kupaka majivu, ni kumtia mtoto kidonda bure.