Mashindano ya Pasaka na Tope la Kwetu

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mlioko shuleni hivi sasa, kila tunapokutana mazungumzo yetu huishia barabarani: nani alikwama wapi, nani alilala siku ngapi kati ya Kibondo na Kasulu akingoja lori livutwe. Kwa hiyo nilipoombwa niandike jambo la historia, nimechagua mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Kwetu, katika miaka yangu ya shule, sikuona hata gari moja la mashindano hayo. Tuliyasikia redioni tu.

Mashindano yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Walioyabuni walikuwa walowezi wa Kenya waliochoshwa na kuzunguka kiwanja kimoja kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Wakataka kwenda mbali na kurudi, wakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yamepamba moto, wakati ambao mwenye gari na akili zake huliacha nyumbani.

Matokeo yake yalikuwa ya kutisha. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na tena yakamaliza 7.

Sasa angalieni jambo hili. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilileta madereva hodari, mafundi na vipuri tele, lakini kwa miaka 19 hakuna mgeni wa ng'ambo aliyeshinda. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Kabla yake walishinda wakazi wa huku huku. Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha tumika. Akarudia mwaka 1974 na 1976. Bert Shankland, Mskochi aliyeishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Kasi walikuwa nayo wote. Hawa walizidi kwa kulijua tope: wapi la kupita mbio bila kusita, wapi la kushuka kwanza na kupima kwa mguu.

Mshindi ninayemkumbuka zaidi ni Shekhar Mehta, kwa kuwa nilikuwa kidato cha pili. Alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, alihamia Kenya. Mwaka uliofuata akashinda, ingawa alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Lakini wakati huo mashindano yalikuwa yamebaki Kenya peke yake. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983.

Orodha ya washindi wa miaka hiyo ni ya Wazungu na Waasia. Mwafrika mara nyingi alikuwa nyuma ya gari, miguu ndani ya tope, akisukuma.

Nasema haya kwa sababu kwetu mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwaleta wananchi kandokando ya barabara, lakini barabara yenyewe ilibaki udongo mwekundu, na lami imeanza kutufikia miaka ya karibuni tu. Malori ya chumvi ya Uvinza, ya kahawa na ya tumbaku yalifanya mashindano yale miezi yote ya mvua, bila fundi wa kuwangoja mbele. Utingo alitembea na gogo mkononi, tayari kulitia nyuma ya gurudumu. Akikata matawi, akichimba, akilala chini ya turubai. Watoto wa shule walifika kwa malori hayo, na wengine wetu tulifika muhula ukiwa na wiki mbili.

Majina ya madereva wa Safari yameandikwa. Ya hawa hayajaandikwa popote nijuapo. Mwenye kuyakumbuka, ya dereva na ya utingo pia, na rangi ya lori ikiwezekana, aje nayo mkutano ujao. Nitaleta daftari.