Zambia: Umoja wa Nchi na Kiti cha Rais

Nchi nyingi za Afrika zilipopata uhuru zilirithi mipaka iliyochorwa na wageni. Ndani ya mipaka hiyo walikuwamo watu wa makabila, lugha na mila mbalimbali, ambao hawakuulizwa hata siku moja kama wanataka kukaa nyumba moja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kila Rais ilikuwa kuwafanya watu hao wajione kuwa taifa. Jirani yetu Zambia ni mfano mzuri wa kazi hiyo, kwa sababu imepita njia mbili tofauti. Ya kwanza ni kuwaunganisha watu kwa kuwagawia nafasi. Ya pili ni kutafuta umoja kwa kuwanyima watu nafasi ya kupinga. Ni vyema basi kuuliza ni njia ipi iliyoijenga Zambia.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964, ikiwa na makabila zaidi ya sabini. Mgawanyiko wake wa siasa ulikuwa umetangulia uhuru. Mwaka 1958 Kenneth Kaunda na wenzake walijitenga na chama cha ANC cha Harry Nkumbula, na mwaka 1959 kikazaliwa chama cha UNIP. Katika uchaguzi wa Januari, 1964, UNIP ilipata viti 55 kati ya 65 vya orodha kuu ya wapiga kura, na ANC ikapata 10. ANC ilikuwa na nguvu hasa katika Mkoa wa Kusini. Huko magharibi, ufalme wa Barotse uliingia katika taifa jipya kwa mkataba maalumu uliotiwa sahihi London mwezi Mei, 1964. Tena, miezi michache kabla ya bendera mpya kupandishwa, mapigano baina ya majeshi ya Serikali na wafuasi wa kanisa la Lumpa la Alice Lenshina yaliua mamia ya watu huko kaskazini.

Nchi ya namna hiyo ingeweza kuvunjika. Rais Kaunda alichagua wito wa Zambia Moja, Taifa Moja, na wito huo ukaandikwa katika nembo ya nchi. Lakini maneno peke yake hayajengi taifa. Aliandamanisha wito huo na vitendo. Katika kuteua mawaziri alihakikisha kila upande wa nchi unajiona Serikalini. Watumishi wa Serikali walipelekwa kufanya kazi mbali na kwao, na vijana wa mikoa mbalimbali wakachanganyika katika shule za bweni. Redio ya Taifa ilitangaza kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale, pamoja na Kiingereza. Watoto wa watu waliokuwa hawajuani walikua wakijuana na wakaoana. Hii ndiyo njia ya kwanza, nayo ilizaa matunda.

Hata hivyo, kugawana vyeo kwa mizani kunataka wagawanaji waridhike. Mwezi Agosti, 1967, UNIP ilifanya uchaguzi wa viongozi wake huko Mulungushi, na makundi ya kikabila yakashindana waziwazi. Simon Kapwepwe, rafiki wa Kaunda tangu utotoni, alimshinda Reuben Kamanga na kuwa Makamu wa Rais. Walioshindwa waliona kwamba mizani imeinama. Mwaka 1969 Rais aliivunja Kamati Kuu iliyotokana na uchaguzi ule, na mwaka huohuo mkataba wa Barotse ukafutwa. Mwezi Agosti, 1971, Kapwepwe alijiuzulu akajiunga na chama kipya cha UPP, na Desemba ya mwaka ule akashinda uchaguzi mdogo wa Mufulira Magharibi, katikati ya eneo la migodi ya shaba.

Hapo ndipo nchi ilipoingia njia ya pili. Mwezi Februari, 1972, UPP kilipigwa marufuku, na Kapwepwe akatiwa kizuizini pamoja na wafuasi wake wengi. Tume iliyoongozwa na Mainza Chona iliundwa, lakini haikutakiwa kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja. Ilitakiwa kueleza chama hicho kitaendeshwaje. Desemba, 1972, sheria ikapitishwa. Mwaka uliofuata Nkumbula naye alikubali, kwa tamko lililotolewa Choma, kujiunga na UNIP.

Haki inatutaka tukumbuke hali ya wakati ule. Kusini mwa Zambia walikuwa walowezi wa Rhodesia, ambao mwaka 1973 walifunga mpaka wao na Zambia. Wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika walikuwa na kambi zao Zambia, na nchi hiyo ililipa kwa damu na kwa uchumi wake. Wala sisi Watanzania hatuna haki ya kumnyoshea jirani kidole, maana nasi tulikuwa na chama kimoja kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1965 hadi 1992.

Lakini hoja ya chama kimoja ilikuwa kwamba wapinzani wangeshindana ndani ya nyumba badala ya kushindana nje. Ahadi hiyo ilipimwa mwaka 1978. Kapwepwe na Nkumbula, wote wawili wakiwa sasa wanachama wa UNIP, walitaka kugombea urais kupitia chama hicho. Kanuni za chama zikabadilishwa, wakawekwa kando, na Kaunda akasimama peke yake. Tangu siku ile ilikuwa dhahiri kwamba nyumba ile ina mlango wa kuingilia tu. Umoja wenye mlango mmoja haukuondoa tofauti. Uliziweka mahali ambapo kiongozi hazioni.

Tofauti hizo zilijitokeza tena wakati uchumi ulipoanguka. Bei ya shaba ilishuka sana tangu mwaka 1975, na nchi ikazama katika madeni. Bei ya unga wa mahindi ilipopandishwa Desemba, 1986, ghasia zilizuka katika Mkoa wa Copperbelt, watu wakafa. Juni, 1990, bei ikapandishwa tena, na safari hii ghasia zilikuwa Lusaka kwenyewe. Alfajiri ya tarehe 30 Juni, Luteni Mwamba Luchembe aliingia katika kituo cha redio akatangaza kwamba jeshi limetwaa madaraka. Jaribio hilo halikudumu ila saa chache. Hata hivyo, katika saa hizo watu walitoka barabarani wakishangilia. Kiongozi aliyekuwa akitangaza umoja kwa miaka ishirini na sita alisikia kwa masikio yake jinsi umoja ule ulivyokuwa mtupu.

Jambo alilolifanya baada ya hapo ndilo lililomtofautisha na wengi. Luchembe alisamehewa. Kwanza Rais alitaka ipigwe kura ya maoni juu ya vyama vingi, kisha akaiacha akakubali moja kwa moja. Na Desemba, 1990, katiba ikabadilishwa. Kipindi chake kilikuwa na miaka miwili zaidi, lakini aliitisha uchaguzi tarehe 31 Oktoba, 1991. Frederick Chiluba, kiongozi wa wafanyakazi ambaye Serikali ya Kaunda ilimtia kizuizini mwaka 1981, alipata karibu asilimia 76 ya kura. Chama chake cha MMD kilipata viti 125 kati ya 150. Kaunda alitokea katika televisheni, akakubali matokeo, akaondoka Ikulu. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Umoja haukukaa muda mrefu bila kujaribiwa. Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia, na kila mtu alijua kwamba wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Desemba, 1997, baada ya jaribio lililoshindwa la kuipindua Serikali, Kaunda alikamatwa. Mwalimu Nyerere alisafiri kwenda kumwona gerezani, na Kaunda akaacha mgomo wake wa kutokula. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ilisema kwamba si raia, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ikamrudishia uraia wake. Mtu aliyewafundisha Wazambia kuwa taifa moja alikaribia kufanywa mgeni katika taifa hilo. Silaha ya kuuliza nani mwenyeji ni hatari kuliko vyama vingi, kwa sababu haina mahali pa kukoma.

Lakini mfano wa mwaka 1991 ulibaki. Mwaka 2001 Wazambia, wakiwamo viongozi wa MMD yenyewe, walimzuia Chiluba asigombee kwa mara ya tatu. Mwaka 2011 Rais Rupiah Banda alishindwa na Michael Sata, akakubali. Agosti, 2021, Rais Edgar Lungu alishindwa na Hakainde Hichilema, ambaye mwaka 2017 alikaa kizuizini miezi minne kwa shitaka la uhaini. Naye Lungu akakubali. Mzee Kaunda alikuwa amefariki miezi miwili kabla, tarehe 17 Juni, akiwa na umri wa miaka 97.

Ndugu wasikilizaji, Zambia bado ina migawanyiko. Kura za mikoa ya kusini na za mikoa ya kaskazini hazifanani, na mwaka 2011 watu walikufa mjini Mongu katika ghasia zilizotokana na suala lilelile la mkataba wa Barotse. Mkataba uliofutwa kwa sheria haukufutika katika mioyo. Lakini wito wa Zambia Moja, Taifa Moja umedumu kuliko chama kilichoutunga na kuliko sheria iliyotungwa kuulinda. Umedumu kwa sababu ya shule, lugha na nafasi walizogawana watu. Na umedumu kwa sababu Rais wa kwanza, baada ya kuushikilia mno kwa mikono miwili, alijua siku ya kuuachia wananchi.