Jim Ilianza Bila Nguo, Bei Tukaileta Sisi

Wasee, leo ni historia kidogo, halafu naomba msamaha.

Wiki jana binamu yangu, dada mdogo aliyemaliza Form Four juzi, aliniambia ataanza kupiga chuma "akishajipanga." Nikamuuliza anajipanga na nini. Akatoa simu, akanionyesha video yangu mwenyewe: vitu vinane vya kununua kabla ya kuingia jim. Mshipi, glavu, viatu, taitsi, yaani kila kitu. Amekuwa akiweka pesa miezi minne. Miezi minne, na hajainua hata kilo mbili! Iliniuma. Ndio nikaanza kusoma.

Neno jim lenyewe shina lake ni Kigiriki, gymnos, maana yake uchi. Wanaume wa Ugiriki ya kale walifanya mazoezi bila nguo, wamejipaka mafuta ya zeituni. Kule Olympia lilipatikana jiwe la kilo 143 hivi, la karne ya 6 kabla ya Kristo. Limechongwa maandishi yanayodai kwamba jamaa aliyeitwa Bybon aliliinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Uamini usiamini, hakuna mahali limetaja glavu.

Bei ilikuja baadaye. Eugen Sandow, aliyezaliwa Königsberg mwaka wa 1867, alipata jina London kwa kuonyesha misuli jukwaani. Jina lilipokua, akaanzisha jarida mwaka wa 1898, akauza dambeli za springi zenye jina lake, na mwaka wa 1901 akaandaa shindano kubwa la misuli pale Royal Albert Hall. Watu waliona mwili kwanza, kisha wakauziwa vifaa. Lakini mwili huo ulijengwa kabla dambeli zake hazijafika dukani. Mnaona anafanana na nani? Na mimi, na video yangu.

Binamu yangu alimpenda zaidi Abbye Stockton, Mmarekani aliyekuwa akiinua vyuma Muscle Beach, California, miaka ya 1940. Madukani hakukuwa na nguo ya mazoezi ya kumfaa, kwa hivyo mamake alimshonea nyumbani. Hakungoja duka limkumbuke. Kuanzia 1944 alikuwa anaandikia wanawake wengine safu kuhusu vyuma kwenye jarida la Strength & Health.

Sasa viatu, maana hapo ndio pesa huisha. Converse All Star ilitoka mwaka wa 1917, ikawa kiatu cha basketiboli. Hadi leo wapiga chuma wengi wanaivaa kwa sababu soli yake ni bapa na haibonyei sana. Raba za kukimbia zina sponji laini; ukichuchumaa na uzito mgongoni, sponji inabonyea na mguu unayumba. Kwa hivyo raba ya turubai ya Gikomba yenye soli bapa inaweza kukufaa kuliko ile ya elfu kumi niliyowaonyesha. Ndara tu ndio hapana. Vidole vyako ni vya maisha.

Nguo? Tisheti yoyote, na suruali inayokuruhusu kuchuchumaa bila kubana na isiyoburuta chini. Taulo na maji. Mshipi humsaidia mtu kukaza tumbo akibeba uzito mkubwa. Mwenye anaanza na chuma kitupu hauhitaji. Glavu ni hiari yako. Sugu zitakuja tu.

Kitu cha kutopuuza ni kile hakuna mtu huposti: klipu za kushikilia sahani kwenye chuma. Sahani ikiteleza upande mmoja, chuma kinapinduka na wewe. Na kama jim ya mtaa wenu ni ile ya mikebe iliyojazwa saruji, tikisa mikebe kabla ya kulala chini yake. Kama inacheza, iache.

Ile video nimeitoa. Jumamosi binamu yangu alikuja na tisheti yake ya michezo ya shule na raba za zamani. Zile pesa zake amelipia jim miezi miwili.

Kama na wewe umekuwa ukijipanga kwa sababu yangu, pole sana. Vaa uliyo nayo, uende.