Gesi ya chari ya makaa ya mawe

Chari ni kaboni inayobaki makaa ya mawe yakishapashwa moto yakatoa lami na mvuke wake. Ikiunguzwa nusunusu hutoa gesi ya kuwaka, yenye monoksidi ya kaboni, haidrojeni na methani kidogo. Kwa chenga ndogo, tanuri linalofaa ni lile la tabaka linaloelea.

Utendaji wa tanuri

Hewa au oksijeni hupulizwa pamoja na mvuke wa maji kutoka chini, kupitia sahani yenye matundu. Pumzi ikiwa hafifu hupenya kati ya chenga bila kuzitikisa. Msukumo wake ukilingana na uzito wa chenga, tabaka zima huinuka na kutokota kama uji: viputo hupanda, chenga huzunguka juu na chini, na joto huenea karibu sawasawa.

Sehemu ya kaboni huungana na oksijeni na kutoa joto. Joto hilo humezwa na athari mbili nyingine: kaboni na mvuke huzaa haidrojeni na monoksidi ya kaboni, na kaboni na dioksidi yake huzaa monoksidi zaidi. Athari hizi mbili huenda polepole, kwa hiyo mavuno hutegemea muda ambao chenga inakaa ndani na aina ya chari. Ya lignaiti huathirika upesi kuliko ya makaa magumu. Joto huwekwa kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi. Likizidi, majivu hulainika na kugandamana, na tabaka huacha kuelea. Vumbi la kaboni linalopeperuka hunaswa na kurudishwa tanurini, lakini halirudi lote, na hasara hiyo ni dosari kubwa ya mtambo huu.

Hewa ya kawaida hutoa gesi duni, kwa kuwa karibu nusu yake ni nitrojeni isiyowaka. Oksijeni huitia nguvu, ila ni ghali.

Historia

Mjerumani Fritz Winkler aliona chenga za koki zikichemka kwa kupulizwa gesi mnamo Desemba 1921. Tanuri la kwanza la kibiashara la aina hii, lenye kimo cha mita 13, lilianza kazi Leuna, Ujerumani, mwaka 1926.

Afrika Mashariki

Makaa ya mawe yapo Ngaka, Mchuchuma na Kiwira nchini Tanzania, na katika bonde la Mui, Kitui, nchini Kenya. Yanayochimbwa Tanzania huchomwa moja kwa moja, hasa katika viwanda vya saruji.

Gesi ya kupikia haitokani na makaa hayo: Shimanzi, penye gati na matangi ya mafuta ya Mombasa, gesi inayoshushwa melini ni ya propani na butani. Umuhimu wa shehena hiyo uliongezeka kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa 1963, kiliposimama mwaka 2013. Gesi ya chari haiwezi kushika nafasi yake. Propani na butani hugeuka kimiminika kwa shinikizo la wastani na kutiwa mtungini. Haidrojeni na monoksidi ya kaboni hazigeuki katika joto la kawaida, hata zikishindiliwa vipi. Tena monoksidi ni sumu isiyo na harufu, hatari kubwa jikoni. Gesi hii hutumika palepale inapotengenezwa, kwa bomba fupi linaloelekea kwenye tanuri au mtambo wa kemikali.