Vipokea sauti vya ndani ya sikio

Vipokea sauti vya ndani ya sikio ni jozi ya spika ndogo zinazoingizwa kwenye mfereji wa sikio na kuuziba, ili msikilizaji apate muziki bila kelele za nje. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya Marekani ilitoa aina ya ER-4. Mwaka 1995 Jerry Harvey alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen jozi ya kutumia jukwaani, na hapo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears.

Zamani vilikuwa ghali. Siku hizi kampuni za China, kama KZ na Moondrop, huuza vyenye sauti safi kwa dola 20 hivi za Marekani.

Anayetaka kubadilisha jozi ya zamani achunguze kwanza kilichoharibika. Mara nyingi ni waya, hasa karibu na pini. Ukiwa wa kuchomoka, hununuliwa peke yake, mradi kiungio (pini mbili au MMCX) kilingane. Vifuniko vya silikoni au sifongo vilivyochakaa navyo hupunguza besi, maana sauti nzito huvuja sikio lisipozibwa vizuri. Wengi hulaumu spika bure.

Simu nyingi mpya hazina tundu la milimita 3.5, hivyo adapta huhitajika.

Faida kubwa ya kuziba sikio ni kwamba sauti haihitaji kupandishwa. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Barabarani, hata hivyo, mvaaji huweza asisikie honi.